Sara Hakuulizwa

Kuna Jumapili moja ambayo sijawahi kuisahau, mwanangu, na ndiyo inayonifanya nikae nimeweka mikono mapajani kanisani wenzangu wanapompigia makofi mtu aliyesimama kusema ameokoka. Umeniuliza kwa nini, tena umeniuliza kwa ukali kidogo, maana wiki iliyopita aliyesimama alikuwa wewe. Usiudhike. Wokovu nauamini. Nimeuamini tangu nikiwa msichana wa kuimba sauti ya kwanza katika kwaya, na nitakufa nao. Lakini vuta kiti ukae, chai ipo, nikuambie nilichokiona kwa macho yangu.

Wakati huo tuliishi mahali panapoitwa Kwanza, huko Kitale, kabla sijaolewa huku Bungoma. Baba alikuwa amefariki, na aliyetushika mama na sisi wote alikuwa kaka yangu Simiyu. Alikuwa kibarua katika shamba kubwa la mahindi, kazi yake kujaza mbegu kwenye mashine ya kupandia. Mbegu ile hupakwa dawa ya wadudu, ikawa nyekundu, hata mikono ya vibarua ilikuwa nyekundu msimu mzima wa kupanda.

Sasa vibarua walikuwa na mazoea yao. Jioni, mbegu iliyobaki chini ya mashine waliitia ndani ya gamboti, yale mabuti ya mpira, wakatoka nayo getini wakitembea taratibu. Nyumbani waliiosha kwa maji moto na jivu mpaka wekundu uishe, wakaianika, wakaiweka kungoja Julai. Wewe hukuijua Julai ya Kitale ya siku zile. Mahindi yamejaa mashambani, kijani kibichi mpaka mlimani, lakini hayajakomaa, na ghalani hakuna kitu. Watu wakila ile mbegu iliyooshwa, tumbo likauma kidogo, maisha yakaendelea. Miaka na miaka ilikuwa hivyo. Hatukuwa wajinga kuliko watu wengine, tulikuwa na njaa. Ila mwaka huo shamba lilibadilisha dawa, na nani angejisumbua kumwambia kibarua?

Jirani yetu Rael alikuja kuomba chochote cha kupika. Simiyu hakuwa mchoyo, hilo nitalisema hata mbele ya kiti cha hukumu. Alimpimia ile mbegu iliyooshwa gorogoro moja, lile kopo letu la kupimia, akaongeza na konzi mbili juu. Rael akashukuru mpaka machozi. Akachemsha yale mahindi na maharagwe, akala yeye, mume wake Barasa, na kitoto chao Wanjala kilichokuwa kinaanza kukimbia. Usiku wakatapika wote watatu. Wakubwa walipona. Wanjala alifia mgongoni mwa mama yake, njiani kwenda hospitali.

Nilimwona Simiyu asubuhi ile akimwaga mahindi yaliyobaki, ambayo sisi tulikuwa bado hatujayagusa, ndani ya choo. Nilidhani yameingiwa na wadudu, nikaendelea kufagia.

Kifo cha mtoto kikaanza kutafutiwa mwenyewe. Kulikuwa na mjane mmoja pale kwetu, Kukhu Sara. Kukhu kwetu ni bibi, lakini yeye hakuwa na mjukuu wala mtoto, tulimwita hivyo kwa heshima tu. Siku moja kabla ya msiba alikuwa amempakata Wanjala, akasema, "Huyu amenona." Maneno matatu hayakufika, mwanangu, lakini yalitosha. Watu wakaanza kuyarudia kisimani na sokoni, kila mmoja akiyatia chumvi yake, mpaka Kukhu Sara akaitwa mchawi. Watoto wakakatazwa kupita kwake. Mama mmoja aliyekuwa akimtekea maji akaacha. Na sisi tuliosali naye benchi moja tulimsalimia kwa haraka, tukapita.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mkutano wa injili Kitale, na Simiyu akaokoka huko. Alirudi nyumbani macho yamevimba kwa kulia, akavunja chupa zake za pombe, akamwomba mama msamaha kwa kila tusi alilowahi kumtukana. Nilifurahi nikaruka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimvua viatu akirudi amelewa.

Jumamosi khocha Yona akaja kutoka Bungoma kutuona. Khocha ni mjomba, ndugu ya mama, na kwetu sisi Wabukusu neno la khocha halijibizwi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Nilikuwa naingia na birika la chai niliposikia Simiyu anamweleza habari yote ya mahindi. Nikasimama mlangoni.

"Hiyo maneno nimeshamalizana na Mungu, khocha," Simiyu alisema. "Nimelia mpaka nikakauka. Pasta ameniambia imesahaulika kabisa."

"Umeambia Mungu kitu alikuwa anajua," khocha akajibu. "Rael ndiye hajui. Barasa hajui. Sasa hapo umeambia nani?"

"Nikisema wataniuliza mahindi nilitoa wapi. Nitafutwa, nishikwe. Na hawa, nani atawalisha?"

Mimi nikajitia katikati, birika mkononi. "Lakini khocha, si ameokoka? Si hiyo sasa imeisha?"

Khocha aligeuka akanitazama. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Wewe binti, sikia. Kupeana hiyo mahindi ilikuwa ujinga, na ujinga Mungu anaelewa. Lakini kunyamaza huku mama wa watu anaitwa mchawi, hiyo ndiyo dhambi. Na anaifanya hata sasa, tukiwa hapa na chai. Mtu atatubu aje kitu ambacho bado anafanya?"

Akamwambia Simiyu aamke waende kwa Rael saa ile ile, kabla jua halijazama. Simiyu akaomba mpaka kesho. Alitaka kwanza atoe ushuhuda kanisani, watu waone kwamba amebadilika, ndipo wakitoka waende pamoja, khocha akiwa kando yake. "Hiyo kesho umepewa na nani?" khocha akamwuliza. Lakini akamkubalia. Utauliza kwa nini khocha hakwenda mwenyewe, au kwa nini mimi sikwenda. Mimi nilikuwa mtoto wa kike mbele ya wanaume wawili wa nyumba yetu, na neno lilikuwa limeshakatwa. Khocha aliniambia baada ya miaka kwamba alitaka Simiyu akiri kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo imsaidie roho. Alisema alijali roho moja akasahau nyingine, na hilo lilimkata usingizi mpaka uzeeni. Naye alikuwa mtu mwema.

Basi Jumapili ikafika. Simiyu alisimama mbele na shati jeupe la marehemu baba. Alisimulia ulevi, akasimulia hasira, akasimulia alivyokuwa akimwibia mama. Alisema vizuri, watu wakalia. Mahindi hakuyataja. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na kwaya ikapanda kuimba, na mimi nikiwa mstari wa mbele nikaona kwamba Kukhu Sara hayupo kwenye benchi lake la nyuma. Barasa pia hakuwepo, wala vijana wa rika lake.

Tulipotoka nje tuliona moshi upande wa kwake.

Simiyu alikimbia kuliko sisi wote. Nilipofika, nyumba ilikuwa imeshaanguka paa, na Kukhu Sara amelala kando ya njia kwenye matope, kichwa kimepasuka, kitenge kimemtoka. Vijana walikuwa wamesimama kando, wengine wameanza kurudi nyuma. Barasa alikuwa bado na jiwe mkononi. Simiyu alipiga magoti akakiinua kichwa cha yule mama akakilaza mapajani mwake, damu ikaingia kwenye lile shati. Alikuwa bado anapumua.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi huyo mtoto sikumfanyia kitu."

"Najua, Kukhu," Simiyu akasema. Halafu akapaza sauti, akasema mbele yetu sote: "Ni mimi. Mahindi ilikuwa yangu, ilikuwa na dawa. Ni mimi nilimwua Wanjala."

Sijui kama Kukhu Sara alisikia. Nimejiuliza hilo maisha yangu yote, nimemwomba Mungu anijulishe, na hajanijulisha. Alikata roho pale pale. Barasa alilitazama jiwe lake kana kwamba amewekewa na mtu mwingine, kisha akakaa chini kwenye matope akaanza kulia kama mtoto. Yeye ndiye aliyetupa la kwanza.

Simiyu alifungwa kwa ajili ya mahindi, Barasa kwa ajili ya jiwe, pamoja na vijana wengine. Rael, aliyekuwa amempoteza mtoto, akampoteza na mume, maana Barasa alifia gerezani. Hayo yote yasingetokea kama Jumamosi ile Simiyu angevaa viatu akavuka shamba moja.

Siku tuliyomzika Kukhu Sara watu walikuja wengi mno, wale wale waliokuwa hawampi maji. Mhubiri mmoja akaanza kusema kwamba ilikuwa mapenzi ya Mungu. Khocha akasimama bila kuitwa, akamkatiza.

"Msimsingizie Mungu," alisema. "Asiye na hatia kufa kwa ajili ya mwenye hatia, hiyo ilifanyika mara moja, ikatosha. Na yule aliyekufa alikubali mwenyewe. Yesu alikubali. Sara hakuulizwa. Tulikuwa na mwokozi tayari, sisi tukatafuta mwingine wa kubeba, tukamshika mama mzee kwa sababu hana mtu."

Akakaa. Watu walitazama chini. Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, ya maaskofu na ya wenye vipaza sauti hapa mjini, na hakuna neno lililonichoma kama lile.

Nilikwenda na khocha kumwona Simiyu gerezani. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Hakuuliza habari za mama wala za shamba. Aliuliza, "Khocha, Mungu bado ananitaka?"

"Anakutaka," khocha akamwambia. "Alikutaka hata ile Jumamosi. Lakini hatakugeuza uwe mtu ambaye hakufanya. Utaingia mbinguni ukiwa yule aliyefanya, na utasimama karibu na Sara."

Mimi niliona ni maneno makali mno kwa mfungwa. Simiyu aliniambia baadaye kwamba ndiyo yaliyomzuia asijinyonge, kwa kuwa aliambiwa kwamba ataingia.

Alipotoka alirudi Kwanza. Kila msimu wa kupanda alilima shamba la Rael kabla ya lake. Rael hakumfukuza na hakumsalimia. Hakuwahi kumpa maji ya kunywa. Kwetu watu wa nyumba mbili zilizoingiliwa na damu hawali chungu kimoja, na hata wazee walipotaka kuwapatanisha kwa kondoo, Rael alikataa, akasema kondoo hana kosa. Simiyu alizeeka akilima hivyo. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia Rael, kisha nikaona sina haki ya kumkasirikia. Msamaha wa Mungu Simiyu alipewa bure, hilo naliamini kabisa. Wa Rael ulikuwa mali ya Rael.

Mwaka juzi tulimzika Simiyu. Wakati wa watu kusema, Rael akasimama, amezeeka, anajikongoja. Turubai lilikuwa likipigwa na upepo. Alisema, "Huyu nimemhukumu miaka hii yote, na nimechoka. Sasa yuko mbele ya yule anajua kuhukumu. Mimi nimemwachia." Akachukua udongo, akatupa kaburini, akaenda nyumbani kwake bila kula chakula cha matanga. Hakuna zaidi ya hapo. Hatukukumbatiana, hakuna aliyeimba. Lakini nililia siku hiyo kuliko siku zote.

Sasa nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi ili usije ukaizungushia maneno. Usifikiri Mungu akisamehe amekuwa kipofu. Yeye ni wa rehema na ni wa haki, vyote viwili, kwa wakati mmoja. Dhambi uliyoungama kwake ameichukua, lakini kama kuna mtu duniani anaitwa kwa jina la kosa lako, anafukuzwa kazi kwa ajili yake, anaachwa na mume kwa ajili yake, anatengwa kwa ajili yake, basi bado unaifanya, hata ukilia madhabahuni mpaka usiku. Usimwache mtu abebe kitu ambacho Bwana alishakibeba. Nenda useme, hata kama utapoteza kazi, hata kama utafungwa, hata kama hutasamehewa na huyo mtu mpaka ufe. Hatukuahidiwa kwamba wokovu hautauma.

Wiki iliyopita ulisema kanisani kuna jambo lako la zamani ambalo limefunikwa kabisa. Nilikuwa nakutazama uso. Usiniambie ni nini, mimi si kuhani wako. Nakuuliza moja tu: kuna mtu anayelibeba?

Basi usinijibu mimi. Mungu wa rehema na wa haki akushike mkono mpaka kwenye mlango wa mtu huyo. Akupe sauti utakapokauka koo. Na kama utafukuzwa, akushike vilevile njia yote ya kurudi, asikuache hata hatua moja. Viatu vyako viko hapo mlangoni, mwanangu. Nenda.