Neno Alilokuwa Akiliruka

Hospitali nzima ilimwita Bwana Stoo, na alipostaafu aliondoka na jina hilo kama wengine wanavyoondoka na saa ya ukutani. Tangu ujana wake kazi ilikuwa moja: kupokea mashuka, sabuni, glavu na ndoo, kuvipanga kwenye rafu, na kuvitoa kwa mbinde. Wauguzi walikuwa wakisema ukimwomba kipande cha sabuni anakutazama kama umemwomba figo. Lakini hakikupotea kitu mikononi mwake. Yeye mwenyewe alijua hivyo, na ukikaa naye kidogo na wewe ungejulishwa.

Baada ya kustaafu alijipatia stoo nyingine, kubwa kuliko ile, nayo ni dunia yote. Kila Alhamisi alasiri majirani wachache wa kanisani walikusanyika sebuleni kwake kusoma Biblia, na yeye ndiye aliyeongoza, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na sauti anayo. Vikundi vingine vilikuwa vimeshafika kwa manabii. Chake kilikuwa bado bustanini, na dalili ya kutoka haikuwepo.

"Sikilizeni," alikuwa akisema, kidole juu. "Kwa nini Mungu hakumwumba mtu kwanza? Kwa sababu huwezi kuajiri mtunza stoo wakati stoo haina kitu. Kwanza mzigo uingie. Mwanga, maji, miti, samaki, ndege. Na kila ukiingia anaukagua. Mnasoma pale, akaona ni vyema? Maana yake mzigo umefika salama, haujavunjika. Ndipo sasa anaitwa mtu, anakabidhiwa funguo."

"Na kuwapa wanyama majina?" aliuliza fundi mwashi, jirani wa nyumba ya pili, ambaye alijua jibu lakini alipenda kulisikia.

"Lebo."

"Na lile tunda, Mzee?"

"Upotevu wa kwanza! Na umeona alivyojitetea? Mwanamke uliyenipa. Mimi nimewasikia wengi wakijitetea hivyo hivyo pale dirishani kwangu."

Watu walicheka, naye akasubiri wamalize, kisha akagonga meza kwa kila silabi. "Mtu aliumbwa kwa ajili ya neno moja tu. Ku-i-tu-nza. Siku ya mwisho utaulizwa swali moja: vitu viko wapi?"

Kwake vitu vilikuwapo. Makochi yalikuwa bado na nailoni za dukani, na mgeni mnene akinyanyuka zilimng'ang'ania mapajani. Kabatini mlikuwa na vikombe na bakuli vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo havijawahi kuguswa na mdomo wa mtu. Mashuka waliyopewa siku ya harusi yalikuwa sandukuni, na watoto waliozaliwa baada ya harusi hiyo walikwisha kuoa na kuolewa na kwenda zao mbali.

Na nyuma ya nyumba palikuwa na uani wa zege, ukuta kwa ukuta, umefagiliwa, hauna hata jani.

Zamani haukuwa hivyo. Mkewe alikulia kwa watu wa jembe, na walipohamia nyumba ile kitu cha kwanza alichokiangalia hakikuwa vyumba, kilikuwa udongo. Aliushika, akaunusa, akasema huu utatufaa. Akapanda maboga na mboga na maua yasiyo na kazi yoyote. Aliingia ndani na miguu ya matope, na mumewe alikuwa nyuma yake na tambara, anapangusa nyayo moja baada ya nyingine huku akiguna. Basi mwaka mmoja mke akasafiri kwenda kumwuguza mama yake. Bwana Stoo akamwita fundi mwashi.

"Limwage zito," alimwambia. "Nataka lidumu kuliko sisi."

Mke aliporudi, baada ya kumzika mama yake, alisimama kwenye mlango wa nyuma na begi lake mkononi, akauliza, "Maboga yangu yako wapi?"

"Nimekutengenezea uani," mumewe alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Hutachafuka tena."

Tusimwonee. Aliamini kabisa kwamba amempa zawadi. Mkewe alilitazama lile zege muda mrefu, akasema asante, akaingia ndani kufungua begi. Asante ile mwanamume aliipokea, akaiweka, na hakuikagua.

Sasa moyo wa mama yule ulikuwa umechoka. Miguu ilimvimba ikawa inawaka moto, na pumzi zilikuja kwa kubembelezwa. Hospitalini walisema mrudisheni nyumbani akapumzike, maneno ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeuliza maana yake. Mdogo wake, mwanamke wa mdomo mwepesi na mikono mizuri, alihamia pale kumwuguza. Bwana Stoo naye hakuzembea hata kidogo. Dawa alizipanga dirishani kwa ukubwa, maji yalikuwa pale, feni ilikuwa pale. Mkewe akamwomba kitu kimoja tu ambacho hakikuwa pale.

"Natamani kukanyaga udongo," alisema. "Ule wa baridi, wa chini. Miguu inaniwaka."

"Ukipona," alijibu mumewe.

Ndivyo alivyowajibu wauguzi miaka yote: leo hapana. Mkewe aliomba tena wiki iliyofuata, na tena, na kila mara ilikuwa ukipona. Shemeji mtu aliposikia alitoka nje kimya, jambo lisilo la kawaida yake.

Alhamisi moja somo lilipokwisha na watu wakaondoka, Bwana Stoo aliingia chumbani. Mkewe alikuwa amelazwa kwenye mito mitatu, mlango wazi, kwa hiyo alikuwa amesikia kila kitu.

"Umeruka neno," alisema.

"Neno gani?"

"Miaka yote unaliruka. Nilidhani siku moja utarudi kulichukua." Akapumua kwanza. "Pameandikwa ailime na kuitunza. La kwanza ni kulima, Baba."

"Ni yale yale tu, Mama. Kulima, kutunza, yote kazi."

"Siyo yale yale. Ukilima unauvuruga udongo. Unachafuka, unakosea, mbegu nyingine zinaoza. Hapo ndipo unapata cha kutunza. Wewe ulianzia katikati." Alifumba macho kidogo, na mumewe akadhani amesinzia. "Mimi umenitunza, siwezi kusema uongo. Sikulala njaa. Sikunyeshewa. Umeniweka vizuri, kama vile vikombe vya kabatini."

"Asante," alisema Bwana Stoo.

Lilimtoka hivyo hivyo. Kisha akamtazama mkewe usoni, akaona kwamba hakusifiwa.

Alitoka akakaa kwenye nailoni ya kochi. Kwanza alikasirika, tena sana. Ni mwanamume gani mwingine mtaani aliyekuwa na nyumba kama ile, na mke asiyewahi kubeba ndoo kichwani? Baadaye hasira ikaisha, ikaacha hofu mahali pake. Alikumbuka nyayo za matope alizokuwa akizipangusa. Zilikuwa ndogo, na kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa hakigusi chini. Alikuwa hajaziona tangu zege limwagwe, na hakukumbuka kama aliwahi kuzitafuta. Mzee yule alilia, akijizuia nailoni isilie naye.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa fundi mwashi.

"Naomba sululu."

"Ya nini, Mzee?"

"Kuvunja uani."

"Uani upi? Ule wangu?" Fundi alimwangalia kama anatafuta homa. "Ile kazi si uliniambia idumu kuliko ninyi? Mimi nilimwaga kama nalipia dhambi zangu. Pale hata tembo akianguka, anayeumia ni yeye. Ngoja nije na vijana."

"Hapana. Nipe sululu tu."

Akaenda nayo uani, akapiga. Sululu ilidunda, ikamrudia mabegani, ikaacha doa jeupe kwenye zege basi. Akapiga tena. Shemeji mtu alitoka mbio na kitambaa cha maji mkononi.

"Shemeji! Mgonjwa yuko ndani, wewe huku unaponda mawe? Umeingiwa na nini?"

Kutoka chumbani ikaja sauti ambayo hawakuwa wameisikia muda mrefu, kavu lakini kubwa. "Mwache! Mwache apige!"

Alipiga mpaka jua likageuka. Viganja vilichubuka, mgongo ukakataa, akawa anapiga huku amepiga magoti. Kufikia alasiri alikuwa na tundu la ukubwa wa sinia. Chini yake udongo ulikuwepo, lakini ulikuwa na rangi ya majivu, mkavu, hauna mnyoo wala mzizi, na ulinuka kama chumba kilichofungwa. Akaanza kutafuta chombo. Ndoo ilikuwa karibu, ila ilikuwa ya kufulia, na kwa kitu hiki hakuona kuwa inafaa. Akafungua kabati, akatoa bakuli kubwa la ukingo wa dhahabu, akarudi nalo uani, akalijaza kwa mikono.

Chumbani alilishusha mbele ya kitanda. Wakamkalisha mgonjwa, yeye upande huu na shemeji yake upande ule. Miguu ilikuwa imevimba mno, haikuingia bakulini.

Bwana Stoo alisimama akiitazama sakafu yake, iliyopigwa deki asubuhi ile ile. Kisha akalipindua bakuli, akaumwaga udongo wote pale chini. Akapiga magoti, akausambaza kwa viganja, akaishika miguu ya mkewe mmoja mmoja na kuiweka juu yake.

Mama yule alichezesha vidole.

"Umechoka huu udongo," alisema. "Unataka maji. Na samadi. Na jua."

"Nitaupa."

"Utachafuka."

"Nitachafuka."

Akacheka, cheko la pumzi tu, akaweka mkono juu ya kichwa cha mumewe chenye vumbi la saruji. "Kesho ongeza," alisema. "Nipate pa kusimama."

Usiku ule udongo haukufagiliwa. Asubuhi, kabla hata ya chai, sululu ilikuwa imeanza. Alikuwa amejua sasa mahali pa kupiga: unafuata ufa, unapiga pembeni yake, kipande kinaachia. Aliongeza tundu upande wa mlango ili amlete mkewe pale kwa hatua chache, na akilini alikwisha kupanga kiti kikae wapi na kivuli kitoke wapi. Shemeji yake alitokea mlangoni. Mzee hakumtazama.

"Amesema mwache apige," alimwambia, akapiga.

Akapiga tena, kipande kikubwa kikaachia, akakishika kwa furaha.

"Weka chini, shemeji," alisema mdogo wa mkewe. "Weka sululu chini."

Kaburini, zamu yake ya kutupa udongo ilipofika, alichukua fumba la mkono akasita nalo. Lilikuwa na mabonge. Aliyaponda kwa vidole, moja moja, mpaka likawa laini, na watu wote walisubiri, hata mchungaji. Ndipo akalimwaga taratibu. Watoto wake wawili walitazamana, kwa sababu hawakuwahi kumwona baba yao na mikono michafu.

Kikundi kilirudi Alhamisi moja, kwa aibu kidogo, bila kujua kama kuna somo au ni kumpa pole tu. Walikuta makochi hayana nailoni. Shemeji mtu, ambaye alikuwa hajaondoka bado, aliwaletea chai ndani ya vikombe vya ukingo wa dhahabu, na fundi mwashi alikishika chake kwa mikono miwili kama amepewa mtoto mchanga. Bwana Stoo aliketi mahali pake. Kucha zake zilikuwa nyeusi.

Akafungua pale pale pa siku zote. Akasoma, bila kidole juu, jinsi mtu alivyofinyangwa kwa mavumbi ya ardhi, akapuliziwa pumzi puani, akachukuliwa na kuwekwa bustanini. "Ili ailime," akasoma.

Akaishia hapo.

Walisubiri. Fundi mwashi alidhani machozi yamemzibia mzee mstari, akainama, akamsaidia kwa sauti ya chini. "Na kuitunza, Mzee. Inaendelea hivyo. Na kuitunza."

"Najua," alisema Bwana Stoo. "Hapo bado sijafika."

Akakifunga kitabu, akainuka, akapita mlango wa nyuma. Nao wakabaki na vikombe vyao, chai inapoa, wakisikiliza jembe kule uani.