Transista Mbili za Zephaniah

Zephaniah Nsengiyumva alikuwa fundi redio huko Gisozi, na kila Jumamosi alipiga gitaa harusini. Maneno yake yalikuwa machache. Ukimletea redio iliyonyamaza, aliiweka sikioni kwanza, kama nesi asikilizaye kifua cha mtoto, ndipo akafungua skrubu.

Septemba ya mwaka 1991, siku ya Jumatano, kiongozi wa bendi yao alimjia kibarazani amekunja uso. Aliitwa Ilyasi, mzaliwa wa Biryogo, na hakujua kusema polepole.

"Fundi, gitaa yako iko safi mno. Inalia kama maji ya bomba! Watu wa siku hizi wanataka gitaa ya kunguruma. Wenzetu wa Nyamirambo iko na pedali ya Ulaya. Sisi tuko na nini?"

"Tuko na mimi."

"Basi nguruma, bwana! Jumamosi tukipiga hivi hivi, hakuna atakayetuita tena."

Pedali ya Ulaya, kile kisanduku cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti ya gitaa, ilikuwa ndoto, lakini Zephaniah alijua kilichomo ndani yake. Alikuwa amekwisha kuchora mpango wake nyuma ya kalenda: transista mbili, moja ikiisukuma nyingine, mpaka sauti ikose pa kutoshea na kuanza kukwaruza. Alijaribu transista mpya alizokuwa nazo. Zikatoa sauti ya nyuki aliyefungiwa chupani. Alihitaji zile za zamani, zenye kofia za bati, ambazo zikizidiwa huguna badala ya kupiga kelele. Redio saba za wateja zilikuwa rafuni, zote bubu, lakini mali ya mtu haiguswi. Ikabaki redio ya nyumbani.

"Na matangazo?" aliuliza mkewe, Mukasine, alipomwona ameigeuza kifudifudi.

Hakuhitaji kusema matangazo gani. Kila siku baada ya habari, redio ya taifa ilisoma majina ya waliofariki na kuwaita ndugu zao, popote walipo, waje kuzika. Vijiji vingi havikuwa na simu, na barua ilichukua wiki nzima kufika, tena tangu vita vianze huko mpakani na vizuizi kujaa barabarani. Dakika zile nyumba nzima ilinyamaza, hata walevi.

"Siku nne tu," Zephaniah alisema. "Jumapili nazirudisha. Nani atakufa ndani ya siku nne?"

Mukasine alikuwa amembeba mtoto mwenye surua. Hakucheka.

Alifanya kazi siku mbili bila kugusa kitu kingine. Alipasha chuma cha kulehemu kwenye makaa ya jiko, akaunga waya mmoja mmoja. Vyote akavipanga ndani ya kopo bapa la biskuti, na juu yake akafunga swichi ya kubonyeza aliyoitoa kwenye taa ya mezani. Kwa sababu ya ile surua majirani hawakukanyaga kwake. Kila mama aliogopa kuwapelekea wanawe ugonjwa. Nyumba ilikuwa kimya, naye akaushukuru ukimya huo.

Ijumaa jioni alichomeka gitaa kwenye kopo, akakanyaga swichi. Sauti ikatoka nene, yenye mikwaruzo, ikavutika hadi akasahau kupumua.

"Hiyo gitaa inaumwa," alisema Mukasine.

"Ndivyo inavyotakiwa kuumwa."

Harusini, Jumamosi alasiri, wazee waliokuwa wamekaa na bia zao walisimama. Shangazi za bibi harusi wakamzunguka. Ilyasi alimpigia kelele, "Nguruma, Zefa, nguruma!" naye akanguruma, akitabasamu mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Jumapili asubuhi, kabla hajafungua kopo, alikwenda kuchota maji. Bombani alimkuta jirani yake Béatha.

"Mwaramutse, mama," alimwamkia.

Béatha alijitwika ndoo yake bila kujibu, akapiga hatua tatu, kisha akageuka.

"Moyo wako ni wa jiwe gani, Zephaniah? Umekwenda kuchezesha watu, mama yako hajatiwa udongoni?"

"Mama yupi?"

"Nyirahabimana wa Kibuye si mama yako? Wamemtangaza Alhamisi mchana, Alhamisi jioni, na Ijumaa tena. 'Mwanawe mkubwa Nsengiyumva, fundi redio wa Gisozi, afike upesi, mazishi ni Jumamosi.' Nami nikasema, kwa fundi redio nikapeleke habari za redio?" Alimtazama usoni, na sauti ikamshuka. "Yezu wangu. Hukusikia?"

Alifika Kibuye jioni, basi lilikuwa limesimamishwa vizuizini mara nne. Kaburi lilikuwa nyuma ya migomba. Dada yake Vestine alimpokea kwa mikono miwili, lakini hakumkumbatia.

"Tulikungoja mpaka saa kumi," alisema. "Wewe ndiye mkubwa, udongo wa kwanza ulikuwa wako. Padre akasema maiti haingoji. Redio yako imekufa, wewe fundi?"

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusingizia betri. Lakini alimweleza yote: transista, kopo, harusi.

Vestine alisikiliza mpaka mwisho.

"Sauti yenyewe ikoje?"

"Kama mtu anayelia huku amejiziba mdomo."

"Hiyo tulikuwa nayo hapa," Vestine alisema. "Siku nne."

Kisha akaingia ndani kuwatazama wageni. Mvua ya usiku wa kuamkia siku ile ilikuwa imelididimiza kaburi upande wa miguuni. Zephaniah aliona jembe limeegemezwa kwenye mgomba. Akavua viatu vyake vya harusini, akaenda kuchimba udongo kando ya shamba, akauleta kwa mikono, kidogo kidogo, na kuushindilia pale palipozama. Hakuna aliyemzuia, wala aliyekuja kumsaidia.