Pua ya Veit

Veit ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja, na bado nasema hana haya. Nikikumbuka alivyomfanyia wifi yangu Gunda, damu inanichemka.

Hapa kijijini kwetu, huku mkoa wa Franken, bia tunapika wenyewe. Jiko ni la kijiji, kila nyumba ina zamu yake, kisha unabeba yako kwenda kuichachusha kwenye ghala la chini ya nyumba yako. Hopsi za uchungu, yale maua ya kukoleza bia, zinatangulia, zinachemka weee mpaka basi. Za harufu zinasubiri moto uzimwe. Ukizitia mapema, harufu yote inaondoka na mvuke. Na kuzichagua si kwa macho. Unafikicha maua yake viganjani mpaka yatoe unga wa njano, unaingiza pua. Kwa kazi hiyo kijiji kizima kilimwita Veit "Pua".

Pua gani? Homa moja iliyompata miaka kadhaa nyuma ilimwondolea uwezo wa kunusa, hata moshi hausikii. Akamlilia mkewe: "Gunda, nisitiri." Gunda akamsitiri. Wakienda kuchagua, Gunda anasimama ubavuni kama mke aliyekuja kubeba mzigo, ananusa kimyakimya, na gunia zuri likifikiwa anamkanyaga mumewe mguu. Veit anafumba macho, anavuta pumzi, anatangaza: "Hizi!" Wanaume wanashangilia. Mimi nilijua, na nilinyamaza kwa ajili ya Gunda.

Msimu uliopita, bia ya sikukuu ya kanisa ikaangukia zamu yao. Gunda akaomba, mbele ya wapishi wote, kwamba safari hii ipikwe kwa jina lake. Hicho tu. Mzee Heiner, mkuu wa jiko, akamgeukia kaka yangu: "Unasemaje, Pua?"

Veit akacheka. Akacheka, jamani! "Mke wangu? Huyu hata maziwa yakiungua hasikii!"

Wote wakaangua kicheko. Gunda aliiva uso mpaka masikioni. Mimi nilikuwa nasugua pipa, nusura nimrushie brashi.

Mkulima Baptist, anayetuuzia hopsi, akafungua magunia yake. Veit akaanza kufikicha na kunusa, gunia moja baada ya jingine, huku akiusogeza mguu karibu na wa Gunda. Gunda akaurudisha wake nyuma. Pumbavu lile likasubiri. Watu wanamtazama, jasho linamtoka, mwisho akachota kwenye gunia la pembeni.

"Hizi! Limau. Maua ya porini. Safi kabisa."

"Limau?" Baptist akashangaa. "Hizo za mwaka juzi, nimemletea Heiner atandike banda la kuku. Zinanuka soksi!"

Na kweli zilinuka jibini iliyooza, mimi mlangoni nilizisikia. Veit akamwangalia mkewe. Gunda akaangalia dirisha.

"Sisikii harufu," Veit akasema kwa sauti ndogo. "Tangu ile homa. Anayechagua ni Gunda."

Mngedhani wangemwomba radhi. Wapi! Heiner akakohoa kidogo. "Basi shemeji, tuchagulie, tumalize kazi. Ila jina libaki la Veit, watu wamelizoea."

Na Veit akanyamaza! Kinywa kile kile kilichokuwa hodari wa kucheka. Gunda akachota kwenye gunia la katikati, akafikicha, akanusa kwa raha zake, akazirudisha ndani.

"Mwenye jina achague," akasema, akatoka.

Wakabishana, kila mmoja na gunia lake, mwisho wakachanganya yote. Siku ya sikukuu Veit akapita meza kwa meza akiuliza, "Ikoje?" maana mwenyewe hawezi kujua. "Nzuri, nzuri," wanamjibu, akigeuka wanaimwaga chini ya benchi. Akafika meza yetu, akamwinamia Gunda.

"Mke wangu, niambie kweli. Ikoje?"

"Inanuka nyasi zilizolowa, na watu wanakudanganya," Gunda akasema. "Ukiitaka pua yangu mwakani, kaniombe mbele ya wapishi wote, kwa sauti ile ile uliyonichekea."

Veit akaitazama meza ya wapishi. Ilikuwa pale pale, ng'ambo ya uwanja. Mpaka leo hajaenda.