Kompyuta Zilizojiuliza Zenyewe

Wewe, ukipotea njia, unamuuliza mwenyeji au unajiuliza mwenyewe?

Usicheke. Mjomba wangu, fundi wa kompyuta katika maktaba ya umma, alizifundisha kompyuta zote za chumba chake kujiuliza zenyewe, kisha akashangaa hazifiki popote.

Mjomba ni mtu wa haki. Kwake kompyuta mpya na kuukuu ni watoto wa tumbo moja: akiipangusa moja vumbi, atazipangusa zote, hata ile iliyokufa. Nampenda kwa hilo. Chumba kile ndicho mahali pekee mtaani petu ambapo asiye na kitu anaweza kuisoma dunia bila kumpigia mtu magoti. Ndiyo maana damu ilinichemka mkurugenzi wa maktaba alipochungulia mlangoni na kutangaza, "Mtandao usiporudi leo, kesho chumba hiki nakifanya stoo."

Shida ilianza na seva mpya. Kazi yake ni kujibu maswali: kompyuta ikiipa jina la tovuti, inairudishia namba ya mahali tovuti ilipo. Kwenye seva yenyewe Mjomba aliandika kwamba ikitafuta jina iulize 127.0.0.1, namba ambayo kwa kila kompyuta maana yake ni "mimi mwenyewe". Sawa kabisa, seva ina majibu. Ilipofanya kazi vizuri, Mjomba, asiyependa upendeleo, akazipa kompyuta nyingine zote namba ileile.

Nilimkuta anatiririka jasho. Kwenye kompyuta moja aliiita 127.0.0.1 kuipima, majibu yakamiminika kwenye kioo kama mvua.

"Unaona, mpwa? Naita, inaitika. Mtandao uko buheri wa afya!"

"Mbona tovuti hazifunguki?"

"Tovuti zina kiburi."

Mkutubi, aliyekuwa akitafuta kalamu yake chini ya meza, akatoka kinyumenyume ameshika ncha ya waya.

"Fundi, huu ni wa nini?"

"Usiuguse, mama! Huo ndio mtandao wenyewe!"

"Mbona nimeshauchomoa kitambo?"

Mjomba akatazama kioo. Majibu bado yalikuwa yanamiminika.

"Sasa unaongea na nani?" mkutubi akauliza.

"Lakini inajibu haraka..."

"Hata mume wangu akiwa peke yake bafuni hujijibu haraka. Haina maana tuna mgeni."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mjomba hakucheka. Alirudisha waya, akaiita seva kwa namba yake halisi, ikaitika. Basi waya mzima, seva nzima. Akafungua mahali kompyuta inapoelekezwa imuulize nani majina, akaona 127.0.0.1, akajipiga kofi la paji la uso.

"Mpwa, nimezipa zote haki sawa, na zote zimekuwa bubu!"

"Mjomba, haki ni kila mmoja kumfikia mwenye jibu, si kila mmoja kuachiwa ujinga wake! Umma ukinyimwa..."

"Hotuba baadaye. Kaa pale, andika namba ya seva."

Tukagawana kompyuta. Hata ile iliyokufa Mjomba aliibonyezabonyeza, isije ikaona wivu. Kabla ya kufunga maktaba, mkutubi alifungua ukurasa wa mishono ya magauni akapiga vigelegele, yeye ambaye hutufukuza tukikohoa tu.

Kesho yake asubuhi nilifika mapema. Kila kompyuta ilikuwa na mtu, na wengine walisubiri wakiegemea ukuta. Hakuna aliyekuwa amemwambia mkurugenzi kwamba mtandao umerudi. Akaingia amekumbatia kiti, nyuma yake wapagazi wawili waliobeba viti vingine vya kujaza stoo yake. Kabla hajafungua mdomo, bibi mmoja mwenye mkongojo akampokea mpagazi kiti, akakiweka kwenye foleni, akakaa.

"Asanteni, wanangu. Miguu ilishaanza kunikana."

Wengine nao wakapokea, mkono kwa mkono, mpaka kikabaki kile kimoja tu mkurugenzi alichokikumbatia kifuani. Mkutubi akamwonyesha ukutani.

"Kaa basi, mzee. Foleni inaishia kule."