Ametoka wa Kwanza

Jumamosi moja ya Julai mwaka jana, saa nne asubuhi, nilimpoteza mdogo wangu. Alikuwa fundi wa madawati katika shule moja ya Kaaga, kule Meru. Mimi naishi kwetu Kanja, Embu, na simu iliponipata nilikuwa nachuma majani chai. Hatukuwa tumesemezana tangu Jumatatu.

Sukari ilianza kumharibu macho, kisha ikamshika mguu wa kulia. Kidonda kidogo cha kidole kikapanda hadi juu ya kifundo. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi. Mdogo wangu akakataa. "Nitapiga randa nimesimamia nini?" akauliza.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwenye bucha mmoja wa mjini, Mwislamu, mtu wa mzaha. Kila Jumapili jioni walicheza poka, na badala ya pesa walichezea punje za ndengu, kwa sababu mwenye bucha alisema pesa kwenye karata ni haramu. Kila Julai walifuata kwa simu yale mashindano makubwa ya poka ya Marekani, kama wengine wanavyofuata mpira. Macho yalipomwisha mdogo wangu, mwenye bucha akawa anamsomea matokeo. Sikuwahi kukaa nao nikatazama. Kwangu poka ilikuwa ile tuliyocheza utotoni: ukibaki na karata moja unasema "niko kadi", ukiiweka chini umetoka, umeshinda. Anayebaki na karata mkononi ndiye mjinga wa siku hiyo.

Jumapili ya kabla ya kifo chake niliwakuta wodini, hospitalini Meru, simu iko mkononi mwa mwenye bucha. Wachezaji wote walikuwa wamepungua hadi tisa, wa meza ya mwisho. Mmoja wao alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, fundi wa mabomba aliyestaafu.

"Mzee wetu yumo," akasema mwenye bucha, "lakini ndiye mwenye chipsi kidogo kuliko wote."

"Si aongezewe viazi," nikasema.

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. "Mama wa Embu, hizi haziliwi!" akasema mwenye bucha, anajifuta machozi. "Ni vile vidude vya rangi wanavyochezea, kama ndengu zetu."

Mdogo wangu ndiye aliyenyamaza kwanza. "Huyo mzee kila mtu amemwona amekwisha," akasema. "Akimpita hata mtu mmoja pale mezani, naweka sahihi. Waukate."

"Umeapa?" nikamuuliza.

"Nimesema mbele ya shahidi."

"Nimeshuhudia," akasema mwenye bucha. "Ukigeuka naukata mwenyewe. Kisu ninacho."

Usiku ule niliomba. Mimi, mtu wa kanisa, niliuombea mchezo wa karata.

Jumatatu mwenye bucha alikuwa ameenda Siakago kununua mbuzi, kwa hiyo mdogo wangu akanipa simu mimi. Habari ilikuwa ya Kiingereza, na mimi niliachia darasa la saba. Niliona sentensi moja yenye majina mawili. Jina la mzee lilikuwepo, na neno la "kwanza", na neno la "nje". Sikusoma zaidi.

"Ametoka!" nikasema. "Mzee wako ametoka wa kwanza!"

"Ametoka?"

"Wa kwanza kabisa!"

Akageuza uso wake upande niliokuwa. "Na wewe unafurahi?"

"Kwa nini nisifurahi? Ninafurahi sana."

Nikamwita muuguzi alete ile karatasi ya sahihi. Ilipofika, mdogo wangu akageukia ukuta. "Rudisha," akasema. "Mzee ametoka, basi yameisha."

Nilidhani amevunja ahadi. Nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia baba yetu hakuzaa waongo, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walisikia. Nikachukua mkoba wangu nikarudi Kanja.

Mwenye bucha alirudi Meru Jumanne usiku, na alipoenda wodini Jumatano akamkuta homa imempanda, hasemi la maana. Daktari akasema sumu imeshaingia kwenye damu. Mwenye bucha akanipigia simu. Nilidhani anataka kumtetea rafiki yake, nikaiacha ikalia. Alhamisi pia ikalia, nikaiacha.

Wiki mbili baada ya mazishi alikuja kwangu na randa ya marehemu na simu yake. Nikampikia chai. Akakaa na kikombe bila kunywa.

"Dada," akasema, "Jumatatu ile ulimsomea nini? Mimi nilimkuta anarudia neno moja tu, ametoka, ametoka."

Nikamweleza yote, hata la kumwita mwongo. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa poka ile ya wale," akasema polepole, "anayetoka ndiye aliyeshindwa. Chipsi zimemwisha, anainuka mezani, anaenda zake."

Kisha akaitafuta habari ile ile kwenye simu, akanionyesha sentensi yangu kwa kidole. Wa kwanza kutoka alikuwa kijana mmoja. Jina la pili ni la aliyemtoa, na huyo alikuwa mzee.

"Kwa hiyo alimpita mmoja," nikasema.

"Aliwapita sita. Alimaliza wa tatu."

Tangu siku hiyo nimejaribu kujiambia kwamba huenda hata kama angekubali mguu ukatwe asingepona. Huenda. Lakini alilala siku zake za mwisho akiamini kwamba dada yake alifurahia kuona mzee ameshindwa, na hilo hakuna daktari wa kuniondolea.

Nilimwomba mwenye bucha anisomee matokeo yote, tangu wa tisa hadi wa kwanza. Akayasoma, jina kwa jina. Chai yake ilikuwa imepoa. Akainywa hivyo hivyo.