Fremu Kumi na Moja za Muuaji

Siku yangu ya kwanza kwenye ghala la filamu la Riverdale Park, huku Marekani, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipewa glavu nyeupe za pamba na kiti kinachoyumba. Nilishukuru vyote viwili. Nilikuwa nimetoka kuhudumia wazee Woodbridge, na kabla ya hapo niliendesha mashine ya sinema Nakuru miaka mingi, hivyo nilijiona mwenyeji.

Kazi yetu ilikuwa ukaguzi. Unaipitisha filamu taratibu kutoka gurudumu hadi gurudumu, kidole kikigusa ukingo, ukitafuta matundu yaliyochanika, yale yanayoshikwa na meno ya mashine. Unainusa pia: ikinuka siki, imeanza kuoza. Nyinyi mnaobeba picha kwenye simu hamjui raha ya kunusa sinema.

Wiki ya tatu Mkuu wa Ukaguzi, mama Mmarekani mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliniletea makopo matano. Ilikuwa filamu ya uhalifu ya Waingereza, iliyotengenezwa kwa pesa kiduchu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mlango ukifungwa, kuta zilitikisika, na moshi ulifukizwa kila mahali kuficha kwamba mtaa ulikuwa mmoja tu. Niliipenda palepale.

"Hatujui kama kuna nakala nyingine duniani," alisema. "Itunze."

Kopo la nne lilikuwa na mchaniko. Mikono yangu ikafanya ilivyozoea Nakuru, ambako filamu ikikatika watazamaji walipiga miluzi na kurusha maganda ya njugu: nikakata kipande kibovu, nikaunganisha, nikaendelea. Kisha nikakitazama kile kipande mezani. Fremu kumi na moja, yaani vipicha kumi na moja, na katika zote muuaji anageuza uso. Kwenye ghala lile hukuruhusiwa kukata hata moja.

Mke wangu na watoto walikuwa bado Nakuru, na viza zao zilitegemea mimi kuwa na kazi. Zuhura, Mtanzania wa Tanga aliyeandika orodha za makopo, akaniona nimekikodolea macho kile kipande.

"Kaka, una nini?"

"Nimeharibu, dada. Nimekata filamu. Boss akijua atanifire, na hizo papers za familia ndio basi."

"Na asipojua, utalala? Nenda ukamwambie sasa hivi, yuko ofisini."

Nilikwenda na kipande juu ya karatasi. Mkuu akakiinua kwenye mwanga.

"Nani alikufundisha kukata hivi?"

"Watazamaji, madam. Hawakupenda kungoja."

Akaomba kuuona ule muungano, akaupapasa kwa kidole. "Ni msafi kuliko wa mtu yeyote hapa," alisema. "Sasa utazirudisha zote kumi na moja. Mimi nitakushikia taa."

Tulikaa siku mbili bega kwa bega, tukiziba matundu kwa utepe mwembamba. Hakunikaripia hata mara moja. Filamu ilipoonyeshwa, uso ule ulipita kabla nusu sekunde haijaisha, na mimi nikatoa machozi kama mjinga.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza nilipata nini kwa kukaa na filamu mbovu za watu. Nawaonyesha mezani kwangu Jumapili: mke wangu anapakua, watoto watatu wanabishana, wajukuu wanajibu kwa Kiingereza. Yule mama angeandika kosa lile, mstari mmoja tu, kwenye faili langu, ningekuwa nakula peke yangu.