Pijama ya Babamkwe

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu tulikaa Bigo, mtaa wa Bunia, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye baraza ndogo mbele. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mizigo Mongbwalu, na wakati wa mvua barabara ilimshika huko mpaka yenyewe ipende kumwachilia. Mimi ni binti wa ziwa. Baba yangu alikuwa mvuvi upande wa Mahagi, na siku nilipoolewa alinipa mashini ya kushona, ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu nilikuwa nimemaliza fuwaye, yaani ile shule ya masista ambako wasichana walifunzwa ushonaji na kazi za nyumba. Wakwe zangu walikuwa watu wa ng'ombe. Walinipokea vizuri, siwezi kusema uongo, lakini nilijua walichokuwa wakisema nikigeuka: huyu msichana hajui hata kukamua.

Ng'ombe ndiye aliyemleta babamkwe nyumbani kwetu. Dume lake mwenyewe, alilolilea, lilimpiga pembe chini ya kwapa la kushoto na kumtupa juu ya mawe. Walimleta Bunia nyuma ya pikapu kutoka upande wa Iga Barrière, hospitali wakamshona, wakamfunga mbavu. Alipotoka huko mganga wa hospitali alikataza asirudi kijijini, maana kidonda kilikuwa kirefu na kilitaka kusafishwa kila siku. Ndivyo alivyokuja kukaa kwetu, pamoja na mamamkwe.

Kwa desturi yao, mke wa mtoto hamgusi babamkwe. Hali mbele yake, hamtaji jina, na hamtazami usoni. Naye hakuwa ananisemesha. Akiwa na neno langu alimpa mamamkwe, hata kama nimesimama hatua mbili kutoka mlangoni. Nilikuwa nikimsikia akisema, "Ambia muke ya mutoto, chai iko na sukari mingi," na mamamkwe anageuka kunirudishia maneno yale yale kama vile sikuyasikia. Mimi nami nilijibu kupitia kwake. Sikuona vibaya. Ilikuwa heshima, na heshima ina njia zake.

Shida ilikuwa nguo. Shati la kawaida alishindwa kulivaa kwa sababu mkono wa kushoto haukunyanyuka. Abakosi yake, lile koti la mikono mifupi ambayo wanaume wote wa Zaire walivaa siku hizo mahali pa suti, ilikuwa ngumu kama ubao na mshono wake wa kwapani ulipita juu ya kidonda. Mume wangu aliponunua pijama sokoni, kwa wachuuzi waliotoa bidhaa Uganda, tulifurahi, kumbe ilikuwa ya nailoni. Ilimletea jasho, ikanata kwenye bandeji, na mganga alipokuja asubuhi kuibandua tulimsikia mzee akisaga meno upande wa pili wa ukuta. Tangu siku hiyo alikaa chumbani kifua wazi, amejifunika kitenge cha mke wake mabegani.

Watu wa kwao walikuja kumwona. Walitoka mbali, wengine kwa miguu, wakiwa na maziwa katika vibuyu. Babamkwe alikataa kutoka. Mtu wa umri wake na cheo chake, mwenye kusikilizwa katika kila baraza la ukoo, hawezi kupokea wageni akiwa na kitenge cha mwanamke chenye maua mabegani. Lakini hilo hakulisema. Aliagiza tu waambiwe amelala. Wageni wakaketi, wakanywa chai, wakatazamana, wakaondoka. Mara ya tatu ilipotokea hivyo, mwanamume mmoja alimuuliza mamamkwe pale pale barazani kama kweli mgonjwa yu hai, au nyumba hii inamficha. Niliyasikia nikiwa jikoni. Nyumba hii ilikuwa yangu.

Siku hiyo hiyo nilimwambia mamamkwe kwamba nitashona pijama, ya juu tu, isiyomuumiza.

"Utamupima namna gani?" akaniuliza. "Weye hauwezi kumugusa."

"Mama utamupima weye," nikasema. "Mimi nitakuwa inje ya rido."

Rido ni pazia. Mlango wa chumba chao haukuwa na ubao, ulikuwa na pazia tu. Nilimpa kamba ya katani, nikasimama upande huu nikiangalia ukuta. Nilimwambia aanze kwenye mfupa wa shingo, ashuke mpaka chini ya kiuno, afunge fundo. Kisha kutoka mfupa ule ule mpaka kiwiko, fundo jingine. Kisha kifua kizima, lakini bila kukaza, apitishe kamba juu ya bandeji kama anayepitisha juu ya yai. Nilimsikia mzee akiuliza ni nini hiki, na mamamkwe akimjibu kwa lugha yao, kwa ufupi, kwa sauti ya mwanamke ambaye hataki maswali. Mamamkwe alitoka na kamba yenye mafundo, ameishika mbele yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu niingie katika ukoo wake aliniuliza kama amefanya vizuri.

Kitambaa nilikuwa nacho. Mama yangu alinipa mashuka ya pamba siku ya harusi, meupe, ambayo yeye naye alikuwa ameyalalia miaka mingi, na kufuliwa sana kuliyafanya laini kama sikio la mtoto. Nguo mpya ina gundi ya kiwandani, inakwaruza. Shuka la zamani halimkwaruzi mtu. Nilitandika moja juu ya mkeka barazani, nikaweka juu yake patroni, kile kiolezo cha kukatia nguo, niliyoikata katika magazeti, nikashika makasi. Mamamkwe alikuwa akichambua maharagwe pembeni. Alijua shuka lile ni la harusi yangu. Aliacha maharagwe, akanitazama nikikata mpaka mwisho.

Ya kwanza haikufaa. Niliishona kama tulivyofunzwa fuwaye, na kola, na mikono iliyopachikwa begani. Nilijivuna nayo, niliipiga pasi ya makaa, nikampa mamamkwe aipeleke. Ilirudi baada ya muda mfupi. Kola ilimkaba akilala, na mkono wa kushoto ulimbana palepale pasipotakiwa kubanwa. Mamamkwe alinieleza yote hayo bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejitayarisha kwa ukali.

Nilifumua uzi wote. Kisha nilifanya jambo ambalo hakuna sista aliyenifunza. Nilichukua kitambaa cha kichwa, nikajifunga mkono wangu wa kushoto kwenye mbavu, nikajaribu kuvaa blauzi zangu moja moja. Nilitaka kujua mwili wenye mkono mmoja unapita wapi. Mamamkwe alinikuta hivyo katikati ya chumba, nusu ya blauzi kichwani, nikahisi aibu, lakini yeye aliketi juu ya kitanda na kusema, "Jaribu tena, nione." Tukajaribu pamoja. Tuligundua kwamba nguo lazima ifunguke mbele kabisa, toka juu mpaka chini. Mkono mgonjwa lazima uingie kwanza, na uingie bila kutafuta tundu. Na vifungo lazima viwe vikubwa, maana vidole vya mkono mmoja havina mwenzao wa kuvishikia nguo.

Basi nilikata upya, nikaongeza vipande vya shuka la pili. Safari hii mkono wa kushoto haukupachikwa. Niliukata pamoja na kiwiliwili, mpana kama bawa, na kwapani sikuweka mshono wowote. Ubavu wa kushoto niliuacha wazi, ukafungwa kwa kamba laini za kitambaa, ili mganga afungue na kusafisha kidonda bila kumvua mzee nguo. Mishono mingine yote niliigeuza, kingo zikafichika ndani yake, nikashona mara mbili, mpaka ukipitisha kiganja ndani husikii ukingo wowote. Kola niliitoa. Shingoni niliweka utepe wa bluu iliyoiva, nikauzungusha na mbele kote mpaka chini, kwa sababu nilifikiri: huyu ni mwanamume mkubwa, hatavaa kitu kinachofanana na shuka la hospitali. Vifungo nilivitoa kwenye koti langu mwenyewe. Mamamkwe alizungusha mkono wa mashini wakati mimi naongoza kitambaa. Mwanzoni alizungusha kwa haraka, kama anayesukasuka maziwa yatoe siagi, uzi ukakatika. Baadaye tuliingia katika mwendo mmoja.

Tulipomaliza, alinyanyua ile nguo kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza ndani nje, akatafuta ukingo kwa kidole. Hakuupata. Akaenda nayo chumbani.

Nilibaki jikoni. Kisha mamamkwe alitoka peke yake, na kitenge kile cha maua mkononi, akakitia katika beseni ya nguo za kufua. Aliniambia mzee amekataa kusaidiwa. Amevaa mwenyewe, amefunga vifungo mwenyewe, na sasa amelala, kweli amelala.

Wageni walikuja tena Siku ya Mungu, baada ya misa. Walikuwa wazee wa ukoo, na yule aliyeuliza kama nyumba inaficha maiti alikuwa kati yao. Mamamkwe aliwaketisha barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikichochea moto, mlango wa nyuma ukiwa wazi, nilipoona pazia la chumba linasogea, na babamkwe akatoka. Alitembea polepole, fimbo mkono wa kulia, mgongo umenyooka. Nguo nyeupe ilimwangukia mabegani bila kumkamata popote, na ule utepe wa bluu ulishuka mbele yake kama wa vazi la sherehe. Wazee walisimama. Yeye aliketi katika kiti chake, akauliza habari za malisho, habari za mvua, habari za lile dume, na mazungumzo yakaenda kama maji yaliyoondolewa jiwe.

Mmoja wao mwishowe aliuliza nguo hii nzuri imenunuliwa duka gani, maana naye ana mgongo unaomsumbua. Niliacha kuchochea moto.

Babamkwe alisema si ya duka. Kisha akaita. Hakumwita mamamkwe, wala hakumpa mtu maneno ya kuleta. Aliita kuelekea nyuma ya nyumba, kwa sauti yake kamili, "Mama, kuya hapa."

Nilifikiri anamwita mke wake. Lakini mamamkwe, aliyekuwa karibu nami akiosha vikombe, alinisukuma kwa kiwiko. "Ni weye," akasema. "Enda."

Nilijifuta mikono, nikapita pembeni mwa nyumba, nikapiga magoti mbele ya wazee jinsi mke wa ukoo anavyopaswa, macho chini. Niliona miguu tu, na viatu vyenye vumbi la njia.

"Huyu ni muke ya mutoto wangu," babamkwe aliwaambia. "Hii nguo ni yeye alishona. Nikiivaa, ninasahau kama niko na kidonda."

Wazee wakaitikia kwa koo, wote pamoja, namna wanavyoitikia neno lililokubaliwa. Niliinuka, nikarudi jikoni kwa hatua za kawaida, nikijilazimisha zisiwe za haraka. Nilikuwa na miaka kama ishirini. Nilikuwa nimewahi kusifiwa na masista kwa mshono ulionyooka, na mume wangu alinisifu kwa mambo mengine, lakini sikuwa nimewahi kusikia fahari ikinipanda kutoka miguuni hivyo, mpaka shingo ikawa ndefu. Mamamkwe aliendelea kuosha vikombe. Alikuwa akitabasamu ndani ya beseni.

Mume wangu aliporudi kutoka Mongbwalu, matope mpaka magotini, mama yake ndiye aliyemsimulia yote, na aliyasimulia kama kazi yetu sote wawili, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mganga wa kubadilisha bandeji naye aliomba nimshonee nyingine za namna ile, zenye ubavu wa kufungua, kwa wagonjwa wake waliopasuliwa. Nilizishona. Kwa miaka kadhaa watu wa Bigo waliniita mama wa pijama, na hata wale wasionijua waliijua nyumba yangu kwa sauti ya mashini.

Babamkwe alipona, akarudi kwa ng'ombe wake. Ile pijama aliondoka nayo. Msimu wa baridi ulipofika kule milimani, mjumbe alikuja na mtungi wa siagi na maneno yaliyoelekezwa kwangu moja kwa moja: mzee anaomba ya pili, nzito zaidi, na safari hii iwe na mfuko wa kutia kiko chake, maana ya kwanza ilikuwa na kila kitu ila akili ya mvutaji.

Nilishona ya flaneli ya kahawia, na mfuko mpana upande wa kulia. Sikumpa mjumbe. Nilipanda lori la mume wangu, nikaketi mbele, furushi la nguo magotini, mpaka Iga Barrière na kuendelea kwa miguu hadi kwao. Nilimkuta babamkwe zizini na majirani zake. Alifungua furushi mbele ya watu wote, akaivaa pijama juu ya shati lake, mchana, katikati ya ng'ombe, akatia kiko mfukoni kuona kama kinaingia. Kiliingia.

Kisha akanigeukia mimi. Aliunyanyua mkono wa kushoto, polepole, mpaka ukafika usawa wa bega, ukapita bega, akaushikilia hapo ili niuone.